Sihaba Kasema

Kisahani cha Sihaba hakikupita hata sokoni, na Mwanakombo alifurahi. Furaha ilimjia upesi, kabla hajapata nafasi ya kujitafutia moyo mwingine ulio mzuri zaidi, na akainamisha uso kwenye kioo cha kipimo ili mwenzake asiione.

"Rudia, dada," Sihaba alisema nyuma ya barakoa. "Nakuomba rudia. Haiwezekani."

Mwanakombo, ambaye mlima mzima ulimwita Kombo tu, alirudia. Kisahani kilikaa kwenye kishikio chake, duara la fuwele lisilozidi kifungo cha shati. Alisogeza kando yake uzi wa kioo mwembamba kuliko unywele, karibu kabisa bila kugusana, akaachia mwanga wa leza uingie ukingoni. Mwanga ulishika njia, ukaanza kuuzunguka ukingo ule ndani kwa ndani, raundi baada ya raundi. Kisha akauzima ghafla. Kazi yote ya kituo ilikuwa katika swali moja: mwanga ukishazimwa huko nje, ule uliobaki ndani utazunguka mpaka lini kabla haujafa?

Muda wenyewe ulikuwa mfupi mno kuzungumzwa na watu wanaosubiri chai, kwa hiyo mafundi wa Lushoto walikuwa na desturi yao. Walihesabu umbali. Mwanga ule, kama njia yake ingenyooshwa badala ya kuzungushwa, ungekuwa umetembea hadi wapi? Kisahani kibovu kilifika sokoni. Kizuri kilifika Soni, karibu nusu ya njia ya kushuka mlima. Vitabuni kipimo hicho kiliitwa Q na kiliandikwa kwa sifuri nyingi, lakini ukimuuliza fundi yeyote pale kituoni chake kimefika wapi, angekutajia kituo cha basi. Kombo ndiye aliyefika Soni wa kwanza, na mpaka siku ile hakuna aliyempita.

Sihaba alikuwa amesema chake kitashuka mlima mpaka Mombo. Alilisema kwa unyenyekevu, macho chini, na hilo ndilo lililomkera Kombo kuliko majigambo. Mwenye majigambo unaweza kumchukia kwa raha zako.

"Sokoni," Kombo alisema. "Tena si katikati ya soko. Pale mwanzo, kwa wauza kabichi."

Kanuni ya kituo haikumruhusu fundi kupima kisahani chake mwenyewe. Hupimiwa na mwenzake, na mwenzake hutamka matokeo kwa sauti yake, na sauti hiyo huhifadhiwa. Kombo alikuwa bado hajatamka. Alisema atapima tena kesho, kwa kuwa hivyo ndivyo mtu wa haki anavyosema, na Sihaba akashukuru kwa sauti iliyopasuka.

Miezi saba binti huyu alikisugua kwa mkono, kwa uji wa almasi, akishuka kutoka uji mzito hadi mwepesi, kwa maana hakuna mashine iliyowahi kujifunza kuhisi ile saa ukingo unapotulia chini ya kidole. Kombo ndiye aliyemfundisha. Alimshika mkono wakati bado anasugua kama anayeosha sufuria. Na katika miezi hiyo saba alikuwa akimtazama mwanafunzi wake akiupata ule utulivu haraka zaidi, wepesi zaidi, bila kuuma meno, na kila jioni alirudi nyumbani na jina lake mdomoni.

Walitoka kwenye chumba safi, wakafika mahali pa kuvulia makoti. Sihaba alivua kofia ya kazi, na chini yake alikuwa amevaa ushungi wa hariri, wa rangi ya zambarau. Akaanza kulia. Kombo hakuwa na la kufanya ila kumkumbatia, kwani mtu hawezi kusimama akimtazama mwenzake analia kama anatazama mvua. Akamvuta kifuani, pua yake ikazama kwenye ule ushungi.

Udi.

Hata hilo peke yake lilikuwa kosa. Siku za kazi hakuna mafuta, hakuna marashi, hakuna kujifukiza. Moshi usioonekana kwa jicho, ukikaa kwenye ukingo wa kisahani, huumeza mwanga. Lakini Kombo hakuwaza kanuni. Alivuta pumzi tena, polepole. Udi ule ulipikwa kwa sukari na mawardi kama anavyopika mwanamke yeyote wa Tanga, na ndani yake mlikuwa na maganda ya matunda damu yaliyokaushwa juani. Hakuna Mtanga anayetia maganda ya matunda damu kwenye udi. Hayo matunda yenyewe ni ya huku juu. Mmoja tu, Kombo mwenyewe, ndiye aliyejaribu siku moja kwa mchezo, akapenda, na akaendelea kumfukizia nao mumewe kanzu za Ijumaa.

"Ulikuwa likizo wapi wewe?" Kombo aliuliza, bila kumwachia.

"Pangani, dada. Kwa mama."

"Enhe. Mama hajambo?"

"Hajambo."

Mkononi, Kombo aliona sasa, chini kabisa ya kucha ambako glavu ilificha, kulikuwa na hina inayofifia.

*

Mhandisi Shemweta, mkuu wa kituo, alikuwa akimsubiri Kombo kwenye varanda, amekunja mikono nyuma. Nje ukungu ulikuwa umefunika bonde.

"Kimefika wapi?"

"Sokoni."

Alifumba macho. "Masika yameanza. Leza iliyoko sasa imeshika unyevu, inazidi kufifia. Nilimtegemea huyu binti." Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu mwema, akaongeza, "Basi keshokutwa tunafunga kisahani cha akiba. Chako."

Roho ya Kombo iliruka, akaikamata. "Na Kwelumbo?"

"Unajua kuhusu Kwelumbo."

Alijua. Kituo kilikuwa kikipeleka mwanga ndani ya mkongo wa zamani wa intaneti, ule uliozikwa chini ya mashamba yote ya mlima tangu enzi za babu zao. Udongo ukijivuta kidogo, kioo kilichomo ndani nacho hujivuta, na mwanga unaorudi huja umebadilika. Lakini leza ya kawaida hutikisika yenyewe, na aliyelewa hawezi kukwambia kama ni ukuta unaoyumba au ni yeye. Ndiyo maana ya kisahani. Leza hupitishiwa kando yake, kisahani hukataa rangi zote za mwanga isipokuwa moja, na hiyo moja huirudisha kwenye leza na kuilazimisha iishike hiyo hiyo. Kadiri kisahani kinavyoushikilia mwanga kwa muda mrefu, ndivyo leza inavyotulia, na ndivyo inavyosikia mbali. Zamani Kombo alisikia mpaka Kwelumbo. Kisha poromoko la mwaka jana likakata njia ya karibu, mkongo ukazungushwa nyuma ya safu nzima, na kijiji kile kikabaki mwisho kabisa wa waya, ambako kisahani cha Soni husikia minong'ono tu.

"Tutawaambia wakae macho," Shemweta alisema.

Kombo aliitikia. Alikuwa akisikiliza kitu kingine. Leza ya mlimani huitwa kwa jina la aliyesugua kisahani chake. Watu wa vijiji ndio waliotaka iwe hivyo. Ving'ora vya mashine vilikuwa vimewalilia ovyo mpaka wakaviziba kwa matambara, wakasema hawatatoka tena kwenye nyumba zao usiku wa mvua kwa sababu ya chombo kisichoweza kuulizwa. Wanataka sauti ya mtu, na jina la mtu ambaye wanaweza kumfuata kesho yake na kumwambia, ulituongopea. Tangu hapo huko mlimani husemwa "Kombo kasema." Kombo kasema ondokeni. Kombo kasema laleni. Kombo alishawahi kukaa kwenye mkahawa na kumsikia mama asiyemjua akimtishia mwanawe mtundu kwa jina lake, na alikunywa chai yake kama malkia.

Kama kisahani kile kingefika Mombo, jina lingebadilika. Kila siku ya mvua ingekuwa Sihaba kasema, Sihaba kasema. Hata mwenyewe angelitamka, kwa kuwa zamu ya redio ni yake.

*

Nyumbani alimkuta mumewe, Mbaruku, ukumbini, anapanga vifaa vya kuungia mkongo kwenye begi lake. Alikuwa mwanamume wa mwili mdogo na mikono mizuri, na Kombo alikasirika zaidi alipogundua kwamba bado anaitazama ile mikono.

"Kopo langu la udi limepungua," alisema.

"Panya," Mbaruku alijibu bila kuinua uso.

"Panya wa Pangani?"

Mikono ilisimama. Mvua ilianza kugonga bati.

"Nani kakwambia?"

"Kumbe ni kweli." Alikuwa amejiandaa kwa lolote isipokuwa wepesi wake wa kukubali. Akakaa kwenye kiti. "Umeoa au unacheza?"

"Nimeoa. Kwa walii na mashahidi. Nilikuwa nitakwambia, Kombo, nilikuwa natafuta saa nzuri."

"Ya fungate ulikuwa umeshaipata."

"Dini inaniruhusu."

"Dini imekuruhusu mke. Imekuruhusu na udi wangu? Niliupika mimi kwa mikono hii, nimekesha nao jikoni, halafu wewe unaubeba kwenda kumfukizia mwanamke mwingine?" Alitaka kupaza sauti lakini ilitoka nyembamba, kama ya mtoto. "Kati ya wanawake wote, Mbaruku. Wote! Ilibidi awe yeye?"

Hapo Mbaruku alimtazama kwa mara ya kwanza. "Wewe ndiye uliyekuwa ukimtaja kila siku. Sihaba kafanya hiki, Sihaba ana mkono mwepesi. Chakula chote cha jioni ni Sihaba. Mimi nilikuwa simjui."

Lilikuwa jibu la kipumbavu, na lilikuwa la kweli, na Kombo alitamani kumrushia kitu. Wivu ulikuwa umempanda mpaka masikioni. Aliona vizuri jinsi alivyomleta mwenyewe nyumbani, siku baada ya siku, akimlaumu na kumsifu, mpaka mume akaenda kuangalia ni nani huyo.

Mbaruku alifunga begi. Alisema keshokutwa anapanda Kwelumbo, kule mwisho wa mkongo, kuna kiungo kinavuja maji. Atalala huko mpaka kazi iishe. Alilisema kama mtu anayewapa watu nafasi ya kupoa.

"Nenda," alisema Kombo. "Na udi uliobaki uchukue."

Baada ya yeye kuondoka kwenda kuswali, Kombo alikaa palepale na kuipanga hali yake kama anavyopanga vifaa mezani. Kisahani cha Sihaba si kibovu. Kina moshi tu. Mafundi watakifuta kwa spiriti, kama kanuni inavyotaka, na spiriti haitakiondolea kitu, kwa sababu uchafu ule ni wa sukari iliyoungua, na sukari haijali spiriti. Inataka maji ya vuguvugu. Hakuna fundi atakayethubutu kutia maji kwenye kisahani. Kanuni ya kukataza maji aliiandika yeye Kombo. Wangejaribu, wangeshindwa, wangekiweka kabatini. Sihaba angerudi kusugua visahani vya mafunzo, na leza ya mlimani ingebaki Kombo. Hakuhitaji kudanganya. Hakuhitaji kufanya lolote. Alitakiwa kunyamaza tu, na kunyamaza ni jambo ambalo hakuna mtu angeweza kumshitaki nalo.

Na Kwelumbo? Kwelumbo wangekaa macho.

Alijaribu kulala na wazo hilo, likamkataa. Haikuwa huruma iliyomsumbua, asingejidai hivyo. Alikuwa anawasikia watu wa mlimani, siku ambayo udongo ungeshuka, wakiulizana nani alikuwa zamu kule kituoni. Kombo. Na Kombo alisemaje? Hakusema kitu.

*

Asubuhi aliwatangulia wote. Alichemsha maji yaliyosafishwa, akayaacha yapoe mpaka yakawa kama ya kumwogeshea mtoto mchanga, akakitumbukiza kisahani cha mke mwenzake ndani yake. Alihesabu pumzi. Alikitoa, akakisuuza kwa mengine mapya, kisha akakilaza kwenye kijiko cha kukaushia, chini ya hewa kavu ya moto, mpaka maji yaliyobaki juu yake yatoke yote. Hapo ndipo mlango ulipofunguka na Sihaba akaingia, macho yamevimba.

"Dada! Umetia maji?"

"Kaa chini."

"Kitaharibika!"

"Kina udi, Sihaba. Udi wangu."

Sihaba alikaa. Kisha akasema jambo ambalo Kombo hakulitegemea.

"Si uliniletea mwenyewe?"

"Nini?"

"Aliniambia umeridhia. Aliniambia umenipikia udi kwa mkono wako, kwamba ndio baraka yako, hukutaka makelele ya kuja Pangani. Nililia siku ile. Nikasema dada yangu ana moyo wa namna gani." Alijishika kichwa. "Niliposikia mvua zimeanza nikakatisha fungate, nikarudi kazini. Nikavaa ushungi uleule chini ya kofia ili uone. Ili ujue nimepokea. Nilidhani kofia inaufunika vya kutosha."

Kombo alimtazama kwa muda mrefu. Ingekuwa nafuu kama angekuwa mwizi. Mwizi mtu anampa vipande vyake, moyo unapoa. Huyu alikuwa amedanganywa kwa udi uleule, na chuki yote aliyokuwa ameiandaa usiku kucha ikabaki mkononi haina pa kuwekwa. Lakini wivu haukuondoka. Ulibadili kiti tu, ukakaa karibu zaidi.

"Na shikamoo zako zote zile za juzi," alisema, "ulikuwa unaniamkia mke mwenzio?"

"Nilikuwa nakuamkia mwalimu wangu."

"Nyamaza basi. Nipime."

Alikirudisha kisahani kwenye kishikio. Aliuachia mwanga, akauzima. Mstari kwenye kioo cha kipimo ulianza kushuka, lakini ulishuka taratibu mno, kama mtu asiyetaka kuaga. Ulipita sokoni. Ulipita Soni, na hapo Kombo alihisi kitu kikimchoma chini ya mbavu. Ukaendelea kuteremka, kona baada ya kona za barabara ile, mpaka bondeni kabisa. Alirudia mara ya pili akitumaini amekosea. Hakuwa amekosea. Kilikuwa kitu kizuri kuliko vyote alivyowahi kuviona, na hakikuwa chake.

Alibonyeza kitufe cha kuhifadhia sauti.

"Mimi Mwanakombo binti Rashidi nimepima," alisema. "Kimefika Mombo."

*

Leza ilifungwa kwa kisahani kipya, Shemweta akalitangaza jina kwa redio ya upepo kwenye vijiji vyote, na siku ya pili yake mvua ilikataa kukatika. Kombo alikuwa zamu. Sihaba alikaa kando yake kwenye skrini, kwani fundi hulinda leza yake siku za mwanzo. Hawakuwa wakizungumza ila ya kazi. Mbaruku alikuwa Kwelumbo, na kila mmoja alijua kwamba mwenzake analijua hilo.

Adhuhuri Sihaba alisema, "Dada, tazama mwisho wa waya."

Kwenye skrini mlima ulikuwa mistari tu, na karibu yote ilikuwa imelala. Mtu aliyekuwa akilima viazi huko Mgwashi alionekana kama vidoa vidogo, ng'ombe alionekana. Leza ile ilikuwa tulivu kiasi kwamba waliweza kumsikia kuku akiparura juu ya mkongo. Na huko mwisho, juu ya Kwelumbo, mstari mmoja mpana ulikuwa unapanda bila kurudi. Hakukuwa na mtikisiko. Mteremko mzima ulikuwa unajivuta kuelekea chini, polepole, kama mtu anayejiondoa kitandani bila kumwamsha aliyelala naye.

"Kisahani changu kisingekiona hiki," Kombo alisema. Lilimtoka tu.

Alishika redio. "Kwelumbo, Kwelumbo. Sihaba kasema, ondokeni. Vukeni daraja, nendeni upande wa shule. Sasa hivi."

Redio ilikwaruza. Akajibu Mzee Shechambo, mwenyekiti wa kitongoji, sauti yake ikiwa na kelele za mvua nyuma yake. "Nani kasema?"

"Sihaba."

"Sihaba ndiye nani? Binti wa nani?"

"Ni leza mpya, mzee. Mmetangaziwa."

"Tumetangaziwa jina. Mtu hatumjui. Huku kuna wazee vitandani, kuna mzazi wa jana, mvua hii. Nitawatoa kwa neno la mtu nisiyemjua?" Akakohoa. "Kombo yupo? Kombo tunamjua. Kombo kasemaje?"

Sihaba aligeuka kumtazama. Mstari kwenye skrini ulipanda tena.

Ilikuwa rahisi kuliko kitu chochote alichowahi kupewa. Kombo kasema, ondokeni. Maneno matatu. Wangetoka, wangepona, na jina lingerudi kwa mwenyewe, na hata Sihaba angekubali, alikuwa tayari anatikisa kichwa kukubali, sema, dada, sema. Ulimi ulikuwa umeshajikunja kwa herufi ya kwanza. Lakini Kombo halisi, kile kisahani cha Soni, kilikuwa kabatini, kiziwi. Leo wangetoka kwa jina lake. Mvua ijayo wangelisubiri tena jina hilohilo, na Sihaba angewalilia bure, na safari hiyo huenda zamuni akawapo mtu asiyeitwa Kombo.

Alibonyeza. Alijua kwamba redio ile inasikika mlima mzima, kila kitongoji, kila jikoni lenye kipokezi juu ya kabati. Alijua pia kwamba baada ya hapa hakutakuwa na siri, wala heshima ya kujifanya hajui.

"Mzee Shechambo, shikamoo. Ni mimi Kombo nazungumza, sikiliza vizuri. Sihaba ni mke mwenzangu. Tumeolewa na bwana mmoja, Mbaruku wa mkongo, ambaye yuko hapohapo kwenu. Kama nina mtu duniani ninayetamani aongope, ni huyu Sihaba. Nimempima kwa mikono yangu, mara mbili, nikimtafutia kosa, na sikuliona. Mimi siwasikii tena, baba. Yeye anawasikia. Sihaba kasema, ondokeni."

Kando yake Sihaba alikuwa amejiziba mdomo kwa mikono yote miwili.

Halafu Mzee Shechambo alisema, kwa sauti nyingine kabisa, "Mke mwenza kasema hivyo?" Na bila kusubiri jibu wakamsikia akigeuka na kuwapigia watu wake kelele kwa Kisambaa, na nyuma yake milango, na mbuzi, na mtoto akilia.

Waliwafuata kwenye skrini. Nyayo zilionekana kwenye mkongo zikimiminika kutoka nyumba hadi nyumba, zikikusanyika njiani, zikielekea darajani. Nyingine zilikuwa nzito na za kuburuta. Hao ni waliobeba wazee kwa machela. Sihaba alikuwa akitaja kwa sauti ya chini wanapofika. Jozi moja ya nyayo ilikuwa nyuma ya wote, kule juu kwenye kiungo kinachovuja, na haikuwa ikitembea.

"Anafunga begi," Kombo alisema kwa meno. "Namjua. Anafunga begi lake."

"Mbaruku, acha vitu!" Sihaba alipiga kelele kwenye skrini, kana kwamba skrini ina masikio.

Nyayo zile zilianza kushuka, kisha zikakimbia. Mstari mpana ulipanda mpaka ukatoka juu ya kioo. Mistari yote ya mwisho wa waya ikavurugika pamoja, ikawa ukungu mmoja mweupe, na kisha haikuwapo tena. Mkongo ulikuwa umekatika.

Kombo alijua kwamba analia, na kwamba ameshika mkono wa yule binti, au ameshikwa, na hakukuwa na muda wa kuuchomoa. Alimchukia Mbaruku kwa moyo wake wote, na alikuwa tayari kumpa huyu mwanamke mwingine mume mzima, na jina, na kopo zima la udi, ili mradi redio iseme kitu.

Redio ilikwaruza.

"Kituo, Kwelumbo hapa," alisema Mzee Shechambo, akihema. "Nyumba hazipo. Watu tupo. Wote tumevuka." Zikasikika sauti nyingi, mtu akimpokonya mwingine chombo, kisha sauti ambayo wote wawili waliijua, imekauka kwa mbio na udongo.

"Mke wangu," alisema Mbaruku. "Nipo hai. Mke wangu, unanisikia?"

Mikono miwili ilikwenda kwenye kitufe kwa pamoja. Kombo alikuwa karibu zaidi. Alikibonyeza, na mlima mzima ulikuwa unasikiliza.

"Yupi?" aliuliza.